Meza ya Dereva Mstaafu

Dereva mmoja wa treni alistaafu, akarudi kwao Same, akaamua kuijenga reli ya Tanga ndani ya banda lililo nyuma ya nyumba yake. Dereva huyo nimemtunga, na meza yake nimeitunga. Reli, mchwa na mti wa mkaratusi sikuvitunga, na hivyo vitatu ndivyo vilivyomkomesha.

Reli yenyewe kila mtu wa Upareni anaijua, hata yule ambaye hajawahi kuipanda. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu kutoka baharini, fedha zikaiishia, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, kisha vyuma vikapita chini ya milima ya Upare, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, hadi vikaingia Moshi mwaka 1911. Jumla ni kilomita 352, na upana wa njia ni mita moja. Treni za abiria zilikuja kunyamaza kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi zilipopiga honi tena Desemba 2019. Dereva wetu alistaafu katika miaka hiyo ya ukimya. Reli ya serikali ilikuwa imeota nyasi, naye akataka yake.

Binti yake aliyeolewa Ujerumani alimletea kichwa cha treni cha mfano, chekundu, kilichotengenezwa na kampuni ya Bemo ya hukohuko. Kilikuwa mfano wa treni za milima ya Uswisi, na kipimo chake ni 1 kwa 87, yaani kila sentimita moja mezani ni sentimita 87 za kweli. Kwa bahati njema, reli ile ya Uswisi nayo ina upana wa mita moja kama ya Tanga, na katika kipimo hicho mita moja huwa milimita 12 hivi. Kwa hiyo kichwa cha Uswisi kiliingia Same bila kubadilishiwa magurudumu.

Mzee akapiga hesabu zake. Reli nzima ya Tanga hadi Moshi, ikipunguzwa mara 87, bado ingekuwa na urefu wa kilomita nne, na jirani zake wasingekubali. Akachagua kipande cha Mkomazi hadi Lembeni, akakifupisha sana, kizunguke kuta tatu za banda. Kilele cha Shengena, chenye mita 2,463 kutoka usawa wa bahari, kingekuwa mita 28 katika kipimo hicho. Akakipa sentimita sitini na kukiomba radhi. Alikifinyanga kwa plasta ya jasi, na hapo alikuwa amefikiri vizuri, kwa maana jasi huchimbwa palepale Makanya, mahali ambapo treni yake ingepita.

Fedha zote zikaenda juu. Juu kulikuwa na vyuma, mabehewa, waya, rangi, nyasi za unga wa mbao, stesheni ya Same yenye paa jekundu na benchi la abiria lisilozidi ukucha. Ilipofika zamu ya kuulizana habari za chini, kilichobaki mfukoni hakikutosha hata kufikiria.

Seremala aliyeitwa alikuwa kijana wa mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka meza, kijana wangu. Ndefu, izunguke humu ndani."

"Na miguu iwe ya nini?"

"Ya chochote, mradi iwe na nguvu."

Siku hiyo lilikuwa limeteremka lori kutoka milimani likiwa na magogo ya mkaratusi, yaliyokatwa juzi, mazito, yakitoa harufu ile ya dawa ya kifua. Mzee akayapiga konzi, akayapenda. Seremala akasema kwa sauti ndogo kwamba mti huu ni mbichi. Mzee akamwambia mbichi ndio una nguvu. Wakachana vipande vinene kama paja la mtu, wakavipigilia misumari ya inchi nne, na meza iliposimama, mzee akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akaruka. Haikutikisika. "Hapa," akasema, "hata ng'ombe analala."

Kosa la kwanza, lililozaa mengine yote, ni hilo la ng'ombe. Mzee aliiuliza meza yake kama itabeba, wakati hakukuwa na kitu kizito cha kubebwa. Kichwa cha treni cha kipimo hicho, pamoja na mabehewa yake yote, hakifikii kilo moja. Plasta, mbao na nyaya ni uzito wa magunia machache, tena umetandazwa ukuta hadi ukuta. Mti wowote uliosimama wima unabeba uzito huo. Alichohitaji mzee ni meza inayotulia, na kutulia ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu treni ya mfano haisamehe. Ukingo wa gurudumu lake, ile midomo inayoizuia isitoke njiani, ni kama milimita moja tu kwenda chini. Kiungo cha reli kikinyanyuka kwa unene wa kadi ya simu, gurudumu limeshatoka. Meza inaweza kubeba ng'ombe na bado ikashindwa kushikilia milimita moja.

Sasa tuuangalie mkaratusi. Ule mti ulikua milimani, kwenye ukungu na mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, halafu ukashushwa Same mjini, mahali panapopata kama nusu yake na upepo mkavu unaovuma kutoka upande wa Mkomazi. Mti uliokatwa umejaa maji, na maji hayo lazima yatoke, utake usitake. Yakitoka, mti hunywea. Haunywei kwa urefu, au unanywea kidogo mno, ndiyo maana watu wengi hudanganyika wakipima kwa futi kamba na kuona mguu haujafupika. Unanywea kwa unene, na hauminyiki sawasawa pande zote. Mkaratusi una sifa mbaya kuliko miti mingi katika jambo hili: hupasuka, hupinda, na nyuzi zake zikiwa zimejisokota tangu ungali shambani, mguu wote hugeuka taratibu. Msumari uliopigiliwa kwenye mti mbichi nao hulegea, kwa kuwa tundu lake limebadilika umbo.

Kiangazi cha Januari kilifanya kazi yake usiku na mchana. Ilipofika Februari kichwa chekundu kilianza kutoka njiani karibu na Makanya. Mzee akasafisha magurudumu. Kikatoka tena. Akailaumu kampuni, akamlaumu binti, akapaka mafuta. Jioni moja akainama, akaona mguu wa pembeni umejisokota na kuinyanyua kona ya meza, na mwingine uko hewani kabisa, hata karatasi inapita chini yake. Akakunja kipande cha boksi, akakichomeka. Treni ikapita. Akafurahi kama aliyetibu ugonjwa.

Boksi hilo likazaa maboksi mengine. Kila mguu ukadai la kwake. Na mzee, badala ya kujiuliza kwa nini, akaongeza miguu. Hapa wengi tungefanya kama yeye, maana inaonekana ni akili: penye wasiwasi ongeza nguzo. Lakini kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe, kwa sababu ncha tatu zitapata mahali pa kukaa popote pale. Mguu wa nne tayari unahitaji kukubaliana na sakafu. Kwa kila mguu wa ziada uliopigiliwa misumari bila namna ya kuupandisha wala kuushusha, kuna ugomvi mpya kati ya meza na ardhi, na wa kuulipia ni reli. Mzee alianza na miguu kumi na miwili, akafikisha ishirini, na treni ikazidi kuanguka.

Jirani yake, nyumba ya tatu kutoka hapo, alikuwa mtu wa genge. Kwa msomaji asiyejua mambo ya reli: genge ni kile kikundi cha wafanyakazi wanaotembea njiani na sululu na koleo, wakikaza bolti, wakiinua mataruma yaliyozama, vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, na kushindilia kokoto chini yake. Mtu huyo alifanya kazi hiyo kati ya Same na Lembeni kwa miaka mingi. Dereva alimfahamu kwa kumpungia mkono kutoka dirishani. Yeye alimfahamu dereva kwa kuruka pembeni. Alipokaribishwa bandani, hakuutazama mlima wala stesheni. Alichuchumaa.

"Kaka Dereva, huku chini ameshindilia nani?"

"Kushindilia nini? Hii ni meza."

"Naona maboksi."

"Mdogo wangu, mimi nimeendesha treni kutoka hapa hadi Tanga usiku wa mvua. Wewe ndiye utakayenifundisha reli?"

Mtu wa genge akasema hapana, akanywa chai yake, akaaga. Si kwamba dereva alikuwa mtu mbaya. Mtu aliyekaa juu ya kitu maisha yake yote, na kitu hicho hakikumwangusha, hana sababu ya kujua kimeshikwa na nini. Njia ilikuwa nzuri kwa sababu kuna watu waliokuwa wameinama juu yake tangu alfajiri, na yeye akadhani uzuri huo ni tabia ya chuma.

Akabuni dawa yake mwenyewe. Banda lilikuwa na sakafu ya udongo. Akachimba mashimo ya shubiri moja na nusu, akaizika miguu ile na kuigongea udongo pembeni. Meza ikatulia kweli. Kwa muda kichwa chekundu kilizunguka bila kosa, na mzee akapita mtaani akieleza jinsi alivyomshinda seremala.

Masika yakaja, na chini ya banda mchwa wakaja. Mchwa wa tambarare ya Same hawahitaji kualikwa. Ukiacha ubao juu ya udongo, hawachelewi kuupata. Hupendelea giza na unyevu, na ukiwazikia mti ndani ya ardhi yao umewaondolea hata kazi ya kujenga njia ya udongo ya kupandia. Wanaingia kwa chini, wanakula nyama ya ndani, wanaacha ganda la nje likiwa na rangi yake ileile. Mguu unaonekana mguu. Ukiugonga ndipo unaposikia kuwa ni ngoma.

Cha kushangaza ni kwamba jibu la jambo hili lilikuwa chini ya dereva siku zote za kazi yake. Wajerumani walipotandika reli za koloni lao, waliweka mataruma ya chuma kwa sehemu kubwa, na si kwa sababu Usambara na Upare hazikuwa na misitu. Misitu ilikuwepo, mbao nzuri zilikuwepo. Waliogopa mchwa. Mwingereza upande wa Kenya alitumia chuma vilevile kwa hofu ileile. Mzee alipita juu ya mataruma hayo maelfu ya mara, na hakuna hata safari moja aliyojiuliza kwa nini watu waliokuwa na miti walijitwisha gharama ya kuleta vyuma kwa meli.

Shule zilipokaribia kufungwa, mwalimu mmoja akaomba watoto waje kuona treni. Walikuja wengi kuliko banda. Wakajipanga kuzunguka meza, wadogo mbele, na treni ikatoka Mkomazi ikipiga honi. Walishangilia Hedaru, wakashangilia Makanya, na ilipokaribia Same mtoto mmoja wa darasa la pili aliweka kiwiko chake ukingoni ili aone vizuri. Mguu wa karibu yake ukatoa sauti ndogo, ukakaa chini. Meza haikuwa na mbao hata moja ya mshazari, kwa hiyo miguu ya jirani haikuwa na la kufanya ila kulala upande uleule, mmoja baada ya mwingine. Shengena ilikatika kiunoni. Kichwa chekundu kiliteleza kutoka stesheni ya Same hadi sakafuni, kikaangukia pembe. Ekseli ilipinda, na spea yake haipatikani Dar es Salaam wala Nairobi. Hakuna aliyeumia, watoto walitoka na vumbi jeupe la jasi kwenye viatu.

"Nani aliyesukuma?" mzee akafoka.

"Nimeegemea tu, babu," mtoto akasema.

Mwalimu akawatoa watoto nje. Mzee akabaki, akavunja mguu mmoja kwa mkono mtupu.

Jioni alikwenda mwenyewe nyumba ya tatu. Sitaeleza walivyozungumza, kwa sababu walizungumza habari za mvua, na mtu wa genge alikuwa na adabu ya kutosha kutomkumbusha neno. Asubuhi alikuja na mpira mwembamba wa maji, ule unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Unaujaza maji, unashika ncha moja kona hii na mwenzako ncha nyingine kona ile, na maji hayasemi uongo hata kukiwa na kona katikati. Kabla ya kununua kipande chochote cha mbao alipima sakafu nzima. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ilikuwa imeshuka kwa upana wa vidole vinne. Miguu ishirini ya urefu mmoja ilikuwa imesimamishwa juu ya mteremko.

Halafu wakaja kwenye suala la miguu iwe ya nini, na hapa walibishana, nami nina upande wangu. Mtu wa genge alitaka chuma, bomba la pembe nne la inchi moja na nusu linalouzwa kwa mafundi wa kuchomelea. Mchwa hawalili, halijisokoti, na fundi yeyote mjini atalikata kwa kipimo. Dereva, ambaye sasa alikuwa na heshima kwa mti baada ya kudharau, alitaka mbao kavu. Kwa sakafu ya saruji ningemuunga mkono dereva: mbao ya mbili kwa mbili ya saipresi au paini, iliyokauka vizuri, inatosha kabisa, ni nyepesi, na inapokea skrubu bila kuhitaji umeme wa kuchomelea. Kwa sakafu ya udongo, chuma. Ukitaka kujua kama mbao imekauka, usiulize muuzaji. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke kivulini penye upepo, kipime tena baada ya wiki. Kikiwa kimepungua uzito, bado kinakauka, na kitaendelea kukauka kikiwa mguu wa meza yako. Mbao mbichi haina dhambi. Ipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, uiache miezi kadhaa, ijisokote huko huko iliko. Wakakubaliana: miguu ya chuma, fremu ya juu ya paini kavu.

Idadi ya miguu ilipungua hadi wengine wakaogopa. Mtu wa genge aliigawa meza vipande vya futi nane, urefu wa plaiwudi moja, karibu sentimita 244, kila kipande na miguu yake minne, vikiunganishwa kwa bolti ili siku ya kuhama visikatwe kwa msumeno. Na miguu hakuiweka kwenye ncha, mahali ambapo macho ya kila mtu huipeleka. Aliiingiza ndani kwa sehemu moja ya tano ya urefu, kama sentimita 49 kutoka kila upande. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Kimarekani la Model Railroader na ambaye njia yake ya kujenga meza za treni imeenea duniani, alifundisha jambo hilohilo. Sababu yake ni rahisi. Miguu ikiwa nchani, tumbo lote la ubao linaning'inia katikati. Ikiingizwa ndani, ncha mbili zinazotokeza nje zinaivuta katikati ijinyooshe, na mwendo mrefu usio na nguzo unapungua. Kwa mbao, mwendo ni kila kitu: ukiuongeza mara mbili, uzito uleule ukikaa katikati utaifanya mbao ileile ilegee mara nane.

Vivyo hivyo namna ya kuilaza. Mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba ni ngumu mara nne kuliko ikilazwa bapa, bila kuongeza hata shilingi. Seremala kijana, aliyerudi kusaidia, alilijua hilo tangu mwanzo. Hakuulizwa.

Kisha mshazari. Fremu yenye pembe nne, hata iwe ya chuma, hukunjika ikisukumwa kwa pembeni. Ukikatiza kipande kimoja kutoka kona ya juu hadi ya chini umezaa pembetatu, na pembetatu haikunjiki mpaka kitu kivunjike. Ndicho kilichowaponza siku ya watoto: kiwiko hakina uzito wa kuvunja meza, kinasukuma tu. Atakayesafiri Kenya aitazame reli ya zamani inapokatiza Mau, mahali ambapo kampuni ya Kimarekani iliweka madaraja 27 ya chuma mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miguu ya madaraja hayo imetanuka chini na imejaa mishazari tangu juu hadi ardhini. Treni iliyo juu husukumwa na upepo na kona, na wajenzi walijua kwamba uzito unaokwenda chini ndio sehemu nyepesi ya kazi.

Urefu wa meza walimaliza haraka. Dereva aliitaka ifike kifuani ili aione treni kama aliye kando ya njia. Watoto wangeona fremu tupu. Wakaikata kiunoni, na miguu mifupi ikazidi kuwa imara.

Lililobaki ni unyayo. Chini ya kila mguu wakachomelea nati, wakapitisha bolti ya milimita kumi kichwa kikiangalia chini. Bolti ya kawaida ya ukubwa huo hupanda milimita moja na nusu kwa kila mzunguko kamili, kwa hiyo robo ya mzunguko ni chini ya nusu milimita, kipimo ambacho hakuna boksi litakalokupa. Kila bolti ikakaa juu ya jiwe bapa, na mawe yakakaa juu ya udongo ulioshindiliwa. Hakuna kilichozikwa. Kati ya fremu ya mbao na ardhi kukawa na chuma kitupu ambacho mtu anaweza kukitazama pande zote, maana mchwa wanaweza kupanda hata chuma kwa kujenga njia yao ya udongo, lakini hawawezi kuijenga bila kuonekana. Mtu wa genge aliagiza banda lifagiliwe na miguu itazamwe kila Jumamosi. Alisema hivyo kwa sauti ya kazini.

Kuhusu maboksi, hakuyalaani. Wajenzi wa reli ya Uganda walipoanza kazi Mombasa mwaka 1896 walivuka maji ya Makupa kwa daraja la mbao la muda, na mwaka 1899 wakaweka la kudumu mahali pake. Cha muda kinajuzu kwa mtu aliyeandika mahali tarehe ya kukiondoa. Dereva hakuandika tarehe popote.

Kichwa chekundu hakikupona. Binti alituma kingine baada ya mwaka, kidogo na cha bei ya chini, na safari hii fedha za miguu zilitangulia kutoka.

Wewe ambaye huna treni ya mfano, huenda una meza ya cherehani, ya kinanda cha kwaya, ya hadubini za maabara ya shule. Jaza glasi ya maji hadi karibu na mdomo, iweke katikati ya meza hiyo, kisha mwambie mtoto aje aegemee kona. Tazama maji. Yakicheza, geuza macho chini kabla hujanunua kitu kingine cha kuweka juu, na ukimpata mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye genge, mkaribishe chai na umwache achuchumae.